Mama, Mbwa na Nyama Mbichi

Mama yangu na mtoto wa mbwa waliingia nyumbani kwangu wiki moja, mwezi wa Novemba, theluji ya kwanza ikiwa bado haijaamua kukaa. Mama alitoka Wundanyi, huko juu kwenye vilima vya Taita, akapanda ndege tatu na kusukumwa kwa kiti cha magurudumu katika viwanja ambavyo mpaka leo hajui majina yake. Mbwa alitoka mitaa miwili tu kutoka kwetu hapa Brooklyn Park, nje kidogo ya Minneapolis. Aliletwa ndani ya kikapu cha nguo za kufua, binti yangu akikibeba kwa mikono miwili na kutembea polepole, kana kwamba amebeba maji yaliyojaa mpaka ukingoni.

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na minne. Tangu baba yake na mimi tuachane alikuwa akiniomba mbwa, nami nilikuwa nikimjibu tutaona. Kisha mwenzangu wa kazini, mama mmoja Mliberia ambaye tunawahudumia wazee pamoja kule Minneapolis, akaniambia mbwa wake amezaa saba na amebaki mmoja asiye na mwenyewe. Siku hiyo nilikuwa nimechoka kiasi cha kutoweza kukataa kitu chochote. Nilipomwambia binti yangu, hakupiga kelele. Alikaa chini sakafuni akanishika mguu.

Mama naye alikuja kwa sababu baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na ndugu zangu walikuwa wakinipigia simu kusema amekuwa kimya mno. Anakaa tu, walisema. Asubuhi ukipita yuko mlangoni, jioni ukirudi yuko pale pale. Tukaelewana aje kwangu abadilishe hewa. Hatukujiuliza sana ni hewa gani hiyo tunayomletea.

Nikiyakumbuka majuma yale ya mwanzo, nayaona kama yalipita chini ya maji. Mwanga wa hapa wakati wa baridi hauna joto, lakini ni mwingi. Unashuka kutoka juu na unapanda kutoka chini, kwenye theluji, hadi vitu vya nyumbani vinaonekana havina kivuli. Mama alijichagulia kiti kando ya dirisha, pale hewa ya moto inapotokea sakafuni, akajifunga leso mbili juu ya sweta, na hapo akawa anasinzia na kuamka, anasinzia na kuamka. Mara nyingi aliniuliza, "Kumekucha au kunakuchwa?" Nami, niliyekuwa nimetoka zamu na kulala saa zisizoeleweka, ilinibidi nitazame saa kabla ya kumjibu.

Mtoto wa mbwa alilala juu ya pindo la leso yake. Alikuwa mweusi, na kifuani alikuwa na doa jeupe lisilo na umbo. Binti yangu alimpa jina, lakini mama alikataa kulitamka. Alimwita mgeni mwenzangu. "Mgeni mwenzangu amelala," angesema. "Mgeni mwenzangu anataka kwenda nje, na mimi huko nje siendi, tafuta viatu vyako."

Taabu ya chakula ilianza mapema. Tulimnunulia kile chakula kikavu cha punje, kinachouzwa kwenye mifuko mikubwa yenye picha ya mbwa anayecheka. Mama alichukua punje chache akaziweka kiganjani, akazinusa.

"Hii si ile mbolea tunayopandia mahindi?"

"Ni chakula chake, mama."

"Basi ni sawa," akasema, akazirudisha kwenye bakuli moja moja. "Kila mtu na kwao."

Mbwa alikula siku chache kisha tumbo likaanza kumwendesha. Akawa pia anajikuna tumboni, kule ambako manyoya ni machache, hadi ngozi ikawa nyekundu. Tulibadilisha mfuko mmoja, tukabadilisha mwingine. Daktari wa wanyama alimpima minyoo, akampa dawa, akatulia kidogo, akaharibika tena. Alikuwa na miezi mitatu na mbavu zake ningeweza kuzihesabu kwa kidole. Kila asubuhi binti yangu alimpima kwenye mizani ya bafuni: anapanda naye, anashuka, anapanda peke yake, anatoa. Kisha anaandika, midomo ameikaza.

Ni yeye aliyeleta habari ya nyama mbichi. Alikuwa amesoma kwenye simu kwa siku nyingi, akanijia jikoni na maneno yote yamepangika. Binti yangu anakielewa Kiswahili chote lakini humjibu mtu kwa Kiingereza, kwa hiyo haya ninayoyaandika kwa niaba yake yote ni tafsiri yangu. Alisema kuna watu wanaowalisha mbwa wao nyama isiyopikwa, pamoja na maini kidogo na mfupa uliosagwa, na kwamba mbwa wengine wenye tumbo kama la wetu hupona hivyo. Alisema tumuulize daktari. Nikasema haya, tumuulize.

Daktari wetu wa wanyama alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, aliyeongea kana kwamba kuna mtoto amelala chumba cha pili. Alimsikiliza binti yangu mpaka mwisho. Kisha akatuambia bila kuficha kwamba yeye hawashauri watu wengi kufanya hivyo. Nyama mbichi ina vijidudu, na mtoto wa mbwa anayekua akilishwa kwa kubahatisha anaweza kupinda mifupa.

"Lakini naona mmejaribu mengine," akasema. "Kama mmeamua, basi fanyeni sawasawa."

Akatueleza. Tusichanganye wenyewe, tununue ile iliyotengenezwa tayari kwa ajili ya mbwa wanaokua, iliyogandishwa. Tuanze na kijiko kimoja ndani ya chakula chake cha zamani, tukae siku kadhaa tukiangalia choo chake, kisha robo, kisha nusu, mpaka punje ziishe zenyewe. Mikono ioshwe, bakuli lioshwe, na kwa kuwa nyumbani kuna mzee, bibi asishike nyama ile bila glavu. Baadaye, tumbo likikubali, tunaweza kumpa shingo mbichi ya kuku ya kutafuna, tukiwa tumesimama hapo tunamtazama.

"Mbichi," akarudia. "Mfupa uliopikwa usimpe kabisa. Unavunjika vipande vyenye ncha."

Binti yangu aliandika yote kwenye karatasi akaibandika kwenye friji. Nami nilimtafsiria mama, neno kwa neno, nikiwa nimesimama mbele ya karatasi ile. Alinisikiliza akitazama dirishani. Nilipomaliza akauliza jambo moja tu.

"Mbichi kabisa? Na damu yake?"

"Na damu yake, mama."

Alivuta pindo la leso kutoka chini ya mbwa, taratibu, akalikunja magotini. Niliona, lakini sikulitilia maanani. Nilidhani ni usafi.

Tukaanza. Kila asubuhi kabla ya shule binti yangu alitoa kipande kilichoyeyuka kwenye friji usiku kucha, akavaa glavu za buluu nilizomnunulia dukani, akakata, akapima, akachanganya. Harufu ya nyama ile ilikuwa baridi, ya chuma kidogo, kama harufu ya bucha asubuhi kabla wateja hawajaingia. Mbwa alikuwa akitetemeka miguu ya nyuma kwa hamu. Alikula haraka kisha akalilamba bakuli likatembea jikoni kote, yeye nyuma yake, mpaka likagonga ukuta. Siku ya sita tumbo lilikuwa limeacha kumwendesha. Siku ya kumi tuliongeza. Ngozi yake ilianza kufifia ile rangi nyekundu. Binti yangu aliimba bafuni.

Mama tu ndiye aliyebadilika kwa namna nisiyoielewa. Alianza kuamka mapema. Nikirudi kutoka kazini mchana namkuta jikoni, amesimama, yeye ambaye kwa wiki tatu hakuwa amesimama ila kwenda kuoga. Nilifurahi. Nilisema moyoni, hewa imembadilisha. Alikuwa akiniambia nikalale, atamwangalia mbwa, na kama kuna chakula chake cha mchana nimwachie tu juu ya meza, atavaa glavu. Nami nikawa nalala. Kupitia mlango wa chumba nilisikia maji yakichemka, mfuniko wa sufuria ukigongagonga, na nilizama usingizini nikijiona niko Wundanyi, mtoto, ukungu umeshuka mpaka kizingitini na mama anapika.

Kitu kingine nilichokiona ni kwamba hakumwacha tena binti yangu peke yake na mbwa. Mtoto akilala kochini na mbwa juu ya kifua chake, uso kwa uso, mama aliinuka kwenda kukaa kando yao. Alikaa tu, mkono mmoja karibu na shingo ya mbwa.

Ilikuwa Jumamosi, karibu na Krismasi, theluji inaanguka bila upepo, vipande vikubwa vinavyoshuka kana kwamba havina haraka ya kufika. Binti yangu alikuwa amekwenda maktaba. Niliamka saa sita mchana nikasikia sauti nisiyoijua, kama ya mtu anayejaribu kukohoa na kukosa pumzi. Nilitoka chumbani. Mbwa alikuwa katikati ya sebule, shingo ameinyoosha, mate yanamtoka kwa kamba ndefu. Alikuwa akirudi kinyumenyume, akikimbia kitu kilichokuwa ndani yake mwenyewe. Mama alikuwa amepiga magoti mbele yake, ameziba mdomo kwa leso.

Nilimfunga mbwa ndani ya koti langu, nikampitia binti yangu maktaba, nikaendesha gari katika weupe ule nikifuata taa nyekundu za gari la mbele kwa sababu barabara yenyewe haikuonekana. Binti yangu alimshika mapajani akimwambia neno moja tu kwa Kiingereza, tulia, tulia, tulia, na kwa sauti ile sikujua kama anamwambia mbwa, au mimi, au nafsi yake.

Daktari alimpiga eksirei, akamdunga sindano ya usingizi, akaingiza koleo ndefu kooni. Tulisubiri kwenye viti vya plastiki. Alipotoka alikuwa na kitu juu ya kipande cha pamba, kidogo, cheupe, chenye ncha pande zote mbili.

"Atapona," akasema kwanza, na nikampenda kwa kulisema hilo kwanza. "Amekwaruzika. Nitakaa naye mpaka jioni, nimwangalie." Kisha akakibonyeza kile kipande kwa ukucha, kikavunjika kama chaki. "Huu mfupa umepikwa."

"Hapana," binti yangu akasema. "Hatujawahi kumpikia. Mimi mwenyewe ndiye ninayemwandalia."

Daktari hakubishana naye. Alinitazama mimi tu, na mimi nikasikia mfuniko wa sufuria ukigongagonga.

Nilimwacha binti yangu pale, nikarudi nyumbani peke yangu. Njiani nilikuwa nimepanga maneno. Nilikuwa na hasira ambayo mtu huwa nayo kwa mzazi wake aliyezeeka, hasira yenye aibu ndani yake. Nilipofungua mlango, mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha dirishani, sufuria ndogo ya chai ameipakata, na kabla sijavua viatu akasema:

"Ni mimi. Usimuulize mtoto. Ni mimi niliyempikia."

Nikasimama na kiatu kimoja mkononi.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu mlipoanza. Asubuhi anakula yenu, sina la kufanya, mtoto yuko pale. Lakini ya mchana naichemsha. Na leo ile shingo ya kuku mliyoiweka kwenye friji nayo nikaichemsha. Niliona nikiitia maji ya moto, basi damu inakwisha." Akaiweka sufuria chini. "Mgeni mwenzangu amekufa?"

"Hajafa. Anapona."

Alifumba macho. Dirishani theluji ilikuwa ikipanda badala ya kushuka, ndivyo inavyoonekana ukiitazama sana. Nilivua kiatu cha pili nikaenda kukaa sakafuni karibu na miguu yake, pale mbwa alipozoea kulala.

"Nilikuwa na mbwa," akasema. "Hujui hilo."

Sikulijua. Nyumbani kwetu hakujawahi kuwa na mbwa. Tulipoomba wakati tukiwa watoto, baba alisema mama hataki, na mambo yakaishia hapo.

Mama alikuwa na miaka tisa, au kumi, hakumbuki vizuri. Mbwa alikuwa wa kwao, lakini alimfuata yeye tu: chini mtoni, juu shambani, na jioni alilala kwenye jivu lililopoa jikoni hadi akawa na rangi ya jivu. Alikula uji na mifupa ya supu kama mbwa wote. Nyama mbichi haikutolewa kwa mbwa, kila mtu alilijua hilo. Walisema mbwa akishaonja damu macho yake yanafunguka, haoni tena tofauti ya mnyama wa porini na wa nyumbani. Sikukuu moja wakachinja. Mbwa alikaa mbali, anatazama, anatetemeka miguu ya nyuma.

"Kama huyu wenu," mama akasema. "Hivi hivi, miguu ya nyuma. Nikamwonea huruma. Nikachukua konzi ya matumbo, nikampelekea nyuma ya jiko. Akala mkononi mwangu. Hakuning'ata."

Miezi michache baadaye jirani alikuta watoto wake wawili wa mbuzi wamekufa. Asubuhi ya pili wa tatu. Watu walifuata alama kwenye umande, wakasema zinaelekea nyumbani kwa kina mama. Mbwa alikuwa jikoni kwenye jivu, na mdomoni alikuwa na kitu cheusi kilichokauka, ambacho kila mtu alisema ni damu. Babu yangu aliwakusanya watoto wake wote uani.

"Akauliza, nani amempa mbwa huyu nyama mbichi? Akauliza mara mbili. Nikanyamaza."

"Ulikuwa mtoto, mama."

"Nikanyamaza," akarudia. "Akamfunga kamba akashuka naye bondeni, na panga. Mbwa alikwenda naye bila shida kwa sababu alidhani wanakwenda matembezi. Alinigeukia mara moja, akiona sifuati."

Nikasema huenda hakuwa yeye, kwamba zamani zile kulikuwa na fisi, kulikuwa na chui.

"Fisi walikuwepo. Nimeyafikiri hayo yote, mwanangu, nimekuwa na muda wa kutosha. Mwenyewe aliyewala mbuzi sijui ni nani. Ninalolijua ni kwamba niliulizwa, nami nilikuwa na jibu." Akanitazama, na macho yake yalikuwa macho kabisa, kwa mara ya kwanza tangu aje. "Hata baba yako sikumwambia. Leo nimeona afadhali niseme kabla hujaniuliza."

"Kwa nini hukuniambia wakati ule, tulipoanza? Kwamba unaogopa?"

"Ningekwambia nini? Nyinyi mna daktari, mna karatasi kwenye friji. Mimi nina mbwa wa miaka sitini iliyopita. Na mtoto anamlaza usoni. Kila nikimwona amemlaza usoni, mikono inanitoka jasho."

Hasira yangu sikuiona tena ilikokwenda. Nilimwomba msamaha, sijui hasa kwa lipi. Akanishika kichwa kama alivyonishika nilipokuwa mdogo nikiwa na homa. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia.

"Nipe yale mabuti. Nataka kumwona huyo daktari."

Hakuwa ametoka nje kwa zaidi ya mwezi. Nilimvalisha koti langu refu, mabuti ya binti yangu, kofia juu ya kilemba. Alitoka akasimama ngazini, akatoa mkono nje ya glavu, akaacha theluji imwangukie kiganjani. Akaitazama ikiisha. "Haina uzito," akasema, na akaanza kushuka.

Kule kwa daktari aliomba kusimama, hakutaka kiti. Mbwa alikuwa kwenye blanketi ndani ya kizimba, nusu usingizini, ulimi umetoka upande. Binti yangu alikuwa ameketi mbele yake sakafuni.

"Mwambie ni mimi niliyepika," mama akaniambia.

Nikamwambia daktari. Nikamweleza pia kwa nini, mbwa wa zamani na yote, kwa sababu mama alinisukuma kiwiko kila nilipotaka kufupisha. Daktari aliweka kalamu chini. Alisikiliza akimtazama mama, si mimi, ingawa maneno yalitoka kwangu. Kisha akasema kwamba nyama mbichi haimfanyi mbwa kuwa mkali. Mbwa mwenye tabia ya kuwinda atawinda hata akilishwa uji maisha yake yote, na asiye nayo hataipata kwenye bakuli.

"Mwulize kama ana hakika," mama akasema.

"Nina hakika."

"Mwulize tena."

Nikamwuliza tena. Daktari hakucheka. Alisema ana hakika, na kwamba yeye mwenyewe anasikitika kuhusu mbwa yule.

Binti yangu alikuwa amegeuka. Hadithi ile aliisikia pale, kwa mara ya kwanza, kwa Kiingereza changu cha haraka, na nilikuwa naogopa atasema neno. Alikuwa amelia mchana kutwa na alikuwa na haki ya kukasirika. Aliinuka, akaja mbele ya bibi yake, akafikiri kidogo akipanga ulimi wake, kisha akasema kwa Kiswahili, sentensi nzima, ya kwanza niliyowahi kumsikia akimwambia:

"Bibi, mbwa yako alikuwa anaitwa nani?"

Mama aliinama akamnong'oneza sikioni. Sikulisikia jina hilo, na wote wawili mpaka leo hawajaniambia.

Daktari alituagiza tumpe vyakula laini kwa siku kadhaa, kisha turudie nyama mbichi tangu mwanzo, kijiko kimoja kimoja. Basi tukaanza upya. Safari hii mama aliomba kazi ya asubuhi iwe yake. Glavu za buluu zilikuwa kubwa, ncha zake zikabaki tupu, zinapepea. Siku ya kwanza hakuiweka nyama kwenye bakuli. Alikaa kwenye kiti chake, akaitandaza kiganjani, akaunyoosha mkono mpaka chini. Binti yangu nami tulikuwa mlangoni, tayari tumechelewa, yeye shule, mimi kazini. Mbwa alisogea, akanusa glavu, akainua macho kumtazama mama. Kisha akachukua nyama kwa ncha za midomo, polepole kabisa. Mama hakuuondoa mkono.

"Haya," akamwambia. "Haya, mgeni. Kula."

Ile Januari na Februari sizikumbuki kwa siku. Zimekuwa asubuhi moja ndefu: mwanga mweupe, mvuke wa chai, mama na glavu zake, mbwa anayekua hadi kichwa chake kikafika magotini, kisha kikavuka. Punje ziliisha tukaupa mfuko jirani. Ngozi yake ilipona, manyoya yakaanza kung'aa kama viatu vya Jumapili. Mama alipowapigia simu ndugu zangu alizungumza habari za choo cha mbwa kwa kina, na nilimsikia akisema, "Anakula mbichi, na ni mpole kuliko nyinyi nyote." Kule Wundanyi wakacheka mpaka simu ikakatika.

Barafu ya ziwa lililo karibu na kwetu ilipoanza kulia, mwezi wa Machi mwishoni, mama alianza kutoka na mbwa. Barafu ya hapa ikitaka kuvunjika hulia kweli, sauti ndefu kutoka chini, na mama alikuwa akisimama ukingoni kuisikiliza, mbwa naye ameinamisha kichwa. Watu waliokuwa wakikimbia walisimama kumsifu mbwa. Waliuliza umri wake, aina yake, anakula nini. Mama aliwajibu wote kwa Kiswahili, bila haraka, maelezo kamili ya maini na mifupa iliyosagwa, nao waliitikia kwa kichwa na kumshukuru.

Aliondoka Juni. Alisema shamba linamsubiri, na alilisema akiwa amesimama. Nilimsindikiza uwanja wa ndege na binti yangu. Tulipofika nyumbani mbwa alikuwa mlangoni, akatutazama sisi wawili, akatazama nyuma yetu, akaendelea kutazama hata nilipofunga mlango. Asubuhi yake hakula. Nyama ilikaa bakulini mpaka nikaitupa. Siku iliyofuata pia hakula, na binti yangu akapiga simu Wundanyi, akaiweka sakafuni, sauti ikiwa juu.

Mama alizungumza naye kwa Kitaita, muda mrefu, lugha ambayo mimi nimeisahau nusu na binti yangu hakuijua kamwe. Kulikuwa na jogoo nyuma ya sauti yake, na mtu akikata kuni. Mbwa aliizunguka simu mara mbili. Akalala chini kando yake, pua karibu na kioo, na alikaa hapo hata baada ya mama kuaga na kioo kuzima.

Kuelekea jioni, jua likiwa bado juu kama linavyokaa hapa mwezi huo, binti yangu alivaa glavu, akakaa kwenye kiti cha dirishani, akaunyoosha mkono wenye nyama mpaka chini. Mbwa akala.